Kipande cha Katoni

Pampu ilikufa siku ya tisa.
Nikairudisha Birere nimeifunga ndani ya leso.
Bwana Kighoma akaitikisa sikioni, akaichomeka, akaichomoa.
"Fedha hairudi, mama. Ikishaingia humu imeingia."
Akakata kipande cha katoni ya sabuni,
akaandika kwa biki nyekundu:
*Duka linadaiwa na Mama Atosha
faranga elfu thelathini na mbili.*
Akagonga muhuri. Mwisho tarehe thelathini.

Mimi, niliyeandikwa katika kila daftari la Katindo,
kwa muuza makaa, kwa muuza unga wa muhogo,
kwa yule wa mawese anayelipigia jina langu mistari miwili,
leo duka zima limeandikwa mfukoni mwangu.
Nikatembea polepole. Hata chukudu zilinipisha,
au niliona hivyo.

Usiku tukaweka katoni juu ya cherehani, tukahesabu.
Atosha anataka wale wekundu wenye mkia wa shela,
wawili, kwa sababu mmoja atazungumza na nani?
Mama Nabintu, jirani, akacheka mpaka akashika ukuta:
"Elfu thelathini na mbili! Si akupe unga!"
Kighoma hauzi unga. Anauza changarawe za rangi
na majumba ya plastiki ambayo samaki hawalipii kodi.

Na hapo ndipo nilipoonja utamu wake:
ni hela inayojua mlango mmoja tu.
Haijui karo. Haijui mwenye nyumba.
Shemeji akija na habari za hospitali, haitoki.
Hela kiziwi,
na mimi nimechoka na hela zenye masikio.

Changarawe sinunui. Mawe tunayo,
mlima ulitumwagia bure, meusi, yenye matundu.
Tumejengea ukuta, tumejengea choo,
na moja nililichemsha mara tatu nikaliweka ndani ya maji.
Kwenye tundu lake ndimo analala yule mmoja,
wa mwisho kati ya watano
walioachwa na mpangaji wa Himbi
siku aliyoondoka na masanduku mawili, mbio.
Wanne waliondoka na umeme.

Maana umeme wetu huenda bila kuaga.
Cherehani haijali, yenyewe inakula mguu wangu.
Lakini samaki hupanda juu, mdomo wazi,
nami naamka, nachota kikombe, namimina kutoka juu,
nachota, namimina, povu lipate kushuka na hewa,
nachota,
mpaka mkono uwe wa mtu mwingine.

Basi: wekundu wawili, elfu kumi na nane.
Majani ya kuotesha, elfu sita, kama hayajaoza.
Au ile pampu ya betri, mbaya kwa sura, rangi ya ndoo,
elfu ishirini na nane, na furaha yote imekwisha hapo.

Dukani Atosha aliitazama pampu, akatazama mikia ya shela.
Ana miaka saba. Hakulia. Alikunja mdomo tu
kama mtu anayekunja upindo.
Kisha: "Na hiyo, tukilala, yenyewe itakesha?"
"Itakesha."
"Chukua basi. Wewe unakoroma ukiwa umesimama."

Zikabaki elfu nne. Bwana Kighoma akanionyesha konokono,
akanionyesha wavu, akanionyesha kopo la chakula
lililopaushwa na jua la dirishani.
"Tumalize, mama, nifunge hesabu."

Nikasema hapana. Andika upya.
Akanitazama, akakata katoni, akaandika.
Elfu nne. Akagonga muhuri.

Konokono simhitaji.
Nataka tu, nikipita Birere asubuhi
na madeni yananiita kwa jina kushoto na kulia,
pawe na mlango mmoja
unaoinamisha macho ukiniona.